Pipa Tulilolifukiza

Maji yakifa hutangulia harufu, macho huja nyuma. Siku ile nilikuwa bado njiani na punda wangu, penye miti miwili, silanga lenyewe, bwawa letu la maji ya mvua, silioni, nikapigwa puani na harufu kama ya kichwa cha mbuzi kilichosahauliwa jikoni. Punda akasimama. Nikamchapa. Akalaza masikio nyuma, akanitazama kwa jicho moja, akabaki palepale. Nilimtukana punda yule, Mungu anisamehe, kumbe mwenzangu alishafahamu.

Nilipofika nikaona. Juu ya maji palitanda kijani. Haikuwa ile ya majani, unayoisukuma kwa mkono ukachota. Hii ilikuwa nzito kama rangi ya mlango wa duka. Pembeni penye matope mbuzi wawili wa jirani walikuwa wamelala, mmoja bado anapiga miguu. Nikageuka na madumu yangu matupu.

Silanga letu lilichimbwa na tingatinga. Mvua ikinyesha, maji ya laga, kile kijito cha msimu, yanaingia, tunakunywa sisi na wanyama mpaka mvua nyingine. Liko upande wa Balambala, ila mto uko mbali. Ni mwendo wa kutwa kwa mtu mwenye magoti, na mimi magoti yangu yalishaniaga. Nikisema tunakunywa sisi na wanyama, nisifiche kitu: wanyama wanaingia humohumo. Ng'ombe anasimama ndani mpaka tumboni, anakunywa mbele anatoa nyuma. Tuliona hivyo tangu utoto wetu na hatukufa, basi tukadhani ndivyo maji yanavyoishi.

Mwanangu wa kwanza anakaa Galbet, hapo Garissa mjini, anauza vitambaa. Habari ya mbuzi kufa ilimfikia kabla jua halijatua, maana siku hizi hata mbuzi akipiga chafya kuna mtu anatafuta simu. Akanipigia.

"Hooyo, sasa basi. Nakuja kukuchukua."

Hooyo ni mama. Akiniita hivyo kwa sauti ya chini najua amekwisha kukata shauri.

Galbet naijua. Niliwahi kukaa kwake mwaka ule wa jicho. Nilipasuliwa jicho hospitali, likapona alhamdulillahi, lakini wakanizuia kiangazi chote. Mkwe wangu, mke wake, ni mtu mwema, sitamsema vibaya, ila wema wake ulikuwa unanimaliza. Nikisimama, "Kaa, hooyo." Nikishika ufagio, "Acha, hooyo." Nikitaka kuchemsha chai, chai imekwisha kuletwa. Nilikaa kitandani kama mto. Mbele ukuta, nyuma ukuta, na jua la jioni nililiona kwenye mabati ya jirani tu. Usiku nilikuwa nasikia maji ya bomba yakija, yanakohoa kwanza kama mgonjwa. Asubuhi naamka na vidole vinatafuta chuchu ya mbuzi. Mtu asiye na mnyama wa kukamua anaamka kwa sababu ya nani?

Kwa hiyo silanga likifa, hesabu yake ilikuwa hiyo. Watu wangehamia mtoni, na mimi ningepakiwa kwenye gari nikakae kitandani mpaka nizikwe.

Wazee walikaa kuzungumza, na mwanangu naye akawa ndani ya simu, imewekwa juu ya kiti kama mgeni. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye mwenye ngamia wengi pale, na ndiye mwenye mdomo. Tunataniana tangu siku niliyoletwa bi harusi kutoka Bute. Siku ile ya kwanza aliniambia Bute watu wanaoga mara moja kwa mwaka. Nikamwambia ndiyo, ile siku tunayopata wageni kama ninyi, ili tuondoe harufu yenu. Tangu hapo hatujapumzika.

"Mchukue," akaiambia simu. "Galbet wamekosa mtu wa kuwagombeza."

Watu wakacheka. Mimi nikapandwa na kitu. Nikasema mbele ya wanaume wote, "Sikilizeni. Mbuzi wangu wakinywa maji haya na wakaishi, mwezi mpya ukiandama, nabaki. Wasipokunywa, nitapanda gari mwenyewe bila kushikwa mkono."

Neno likishatoka mbele ya wazee halirudi. Nilijua wakati nalitoa. Mwezi ndio kwanza ulikuwa umejaa.

Haikupita juma akaja binti wa maji. Hatukumwita jina lingine. Alikuja na gari la mradi, koti lake linang'aa kifuani kama watu wa barabara, na kwao ni kule kwenye ziwa kubwa magharibi. Alituambia huko kwao pia maji huwa kijani, anaijua harufu hiyo tangu akiwa mdogo. Hapo nikampenda kidogo. Wengi huja na leso puani.

Akakaa nasi, akasema, "Wazee wangu, haya maji yameshiba kupita kiasi."

"Yameshiba!" shemeji akaruka. "Sisi tuko na njaa, maji ndiyo imeshiba! Subhanallah."

"Ndiyo, mzee. Mavi, mkojo, majani, udongo, vyote vinaingia. Hicho ni chakula. Kile kijani kinakula hicho chakula, kinanenepa, kinakufa, kinaoza, na kuoza kwake kunamaliza hewa ndani ya maji. Maji bila hewa yanaoza mpaka chini."

Akatoa pakiti yenye unga wa rangi ya mchanga. Akasema ndani yake mna bakteria wazuri, viumbe hai waliolala. Tukiwaamsha kwenye pipa kwa maji, sukari na hewa, wakaamka na njaa, tukawamwaga silangani, watakula uchafu wote, kijani ikose chakula. Na alikuwa na mashine ya sola yenye mpira mrefu, wa kupeleka hewa mpaka chini ya maji, itoke kama mapovu.

"Hebu ngoja," shemeji akasema. "Maji iko na wadudu. Wewe unaleta wadudu ingine."

"Mzee, hata susa unayokunywa ni kazi ya bakteria."

Watu wote wakanigeukia mimi.

Niseme kidogo hapa. Susa ni maziwa ya ngamia ya kuchacha, na susa yangu ilikuwa na jina mpaka Garissa. Wanawake wa soko walikuwa wanafungua chombo, wananusa, wanasema hii ni ya yule mama. Leo binti wa jana anasema ina wadudu.

"Susa yangu?" nikamwuliza.

"Wazuri, mama. Wazuri kabisa."

"Hm," nikasema. Lakini kusema kweli maneno yale yaliingia. Nikajiambia, kumbe ni jambo la maziwa. Kama ni jambo la maziwa, basi limefika kwa mwenyewe.

Na wote waliona hivyo. Pipa nikapewa mimi. Lilikuwa pipa la chuma, jipya, na binti wa maji akasisitiza neno moja: liwe safi, safi kabisa, lisiwe na sabuni wala mafuta. Halafu akaenda ng'ambo ya silanga na dereva wake kupanga mipira, na jioni ikamlazimu kurudi Garissa. Alituachia maagizo kwa mdomo, na kijana mmoja wa kidato cha tatu akayarudia yote mbele yake bila kukosea.

Sisi wanawake tukaliosha pipa kwa mchanga. Tukalisuuza kwa maji mazuri tuliyonunua kwa gari la maji. Likang'aa. Lakini kwetu chombo cha maziwa hakiwi safi kwa maji. Kile chombo chetu cha kusukwa kwa mizizi, dhiil, unakiosha, unakikausha, kisha unatia kijinga cha moto cha mti unaoujua, unafunika, unatikisa, moshi unaingia kila tundu. Bila hivyo hujampa mtu maziwa, umempa aibu. Mama yangu alikuwa akifika nyumba ya watu ananusa chombo kwanza ndipo anatoa salamu ndefu au fupi.

Basi tukalifukiza pipa. Niliichagua kuni mwenyewe, mgunga mkavu wa ndani, usiokuwa na utomvu. Tulitia makaa, tukafunika kwa ngozi, moshi ukatoka pembeni mwembamba na mweupe. Tukarudia. Tukarudia tena, maana wale walikuwa wageni, wametoka mbali, na walikuwa na kazi kubwa. Jirani yangu akasema, "Hawa wadudu hawajawahi kulala nyumba nzuri kama hii." Tulipotia maji na sukari na unga, pipa lilinukia vizuri hata nikatamani kunywa.

Kesho yake tukamwaga silangani, tukasema bismillahi.

Mashine nayo ilianza. Niliiogopa siku ya kwanza. Katikati ya maji palianza kuchemka bila moto, mapovu yanapanda, yanapasuka, yanapanda. Ndege wakubwa wale wenye vipara waliondoka. Ukikaa karibu unasikia buu-buu-buu kama mtoto anapuliza ndani ya kikombe.

Ngamia walipokuja kunywa ndipo mambo yakaharibika. Ngamia ni mnyama wa mashaka. Yule wa mbele akafika, akaona maji yanachemka, akainua shingo, akarudi nyuma juu ya wenzake. Ikawa vilio na vumbi.

"Zima!" shemeji akapiga kelele. "Zima hiyo chungu yenu! Ngamia yangu si viazi!"

Ile sehemu ya ndani, mbali na kijani, bado ngamia walikuwa wanaivumilia, na hawakuwa na maji mengine karibu. Wakazima. Ngamia wakanywa. Wakaondoka. Mashine hakuna aliyeikumbuka mpaka asubuhi. Ikawa ndiyo desturi: inawashwa, ngamia wanakuja, inazimwa, anayepaswa kuiwasha anadhani ni mwingine. Mimi nilisema, nikapayuka, lakini mwanamke akipayuka kuhusu mashine watu wanaona ni kelele za mashine.

Mwezi ukawa unapungua. Kila asubuhi nilikuwa natembea mpaka ile miti miwili, pale nilipokutana na ile harufu mara ya kwanza, nasimama, nanusa. Ilikuwa pale pale. Baadaye ikasogea mbele kunilaki.

Binti wa maji akarudi. Alichovya kijiti chake majini, akaangalia. Akaja kwenye pipa, akafungua mfuniko, akaingiza kichwa. Akakitoa polepole.

"Nani alichoma kitu humu?"

"Hakuna aliyechoma," nikamjibu. "Tulifukiza."

"Mlifukiza."

"Mara tatu. Kwa mgunga."

Aliketi chini, kwenye mavumbi, na suruali yake safi. Nilidhani amezidiwa na jua. Kumbe anacheka, halafu nikaona si kicheko tu, macho yamelowa.

"Mama, dhiil mnaifukiza kwa nini?"

"Maziwa yasioze."

"Na kinacholeta kuoza ni nini?"

Mwenzangu mmoja akajifunika mdomo kwa ushungi. Moshi ule tuliowapa wale wadudu kama ubani ndio uliowamaliza. Tuliwapokea wageni, tukawafungia ndani ya moshi, kisha tukaenda kuwamwaga maiti, kwa bismillahi.

Lakini sikukubali hivihivi. Nikamwuliza, "Na susa yangu je? Mbona inachacha ndani ya chombo kilichofukizwa?"

Akafikiri. Akasema, "Wale wa susa wamezoea moshi wenu, mama. Wanaishi nao tangu bibi ya bibi yako. Hawa wametoka kwenye pakiti."

Jibu lile nililipenda. Bado nalifikiria mpaka leo.

Habari ya mashine kuzimwa ilimuudhi zaidi. Aliwaita wanaume, akawaambia wazi kwamba hao viumbe wanapumua. Ukiwatia majini halafu ukazima hewa, wanaimaliza hata ile kidogo iliyobaki, na maji yanakufa mara mbili. Afadhali tusiwatie kabisa. Pakiti iliyobaki ilikuwa moja, nayo nusu, na nyingine ingechukua muda kufika. Shemeji alikuwa anachora mchanga kwa fimbo.

"Ngamia yangu itakunywa wapi, abaayo?" akauliza. Alimwita dada, na hakuwa anatania.

"Jengeni mabirika huku nje, mchote. Wanyama wasiingie ndani tena."

"Kuchotea ngamia sitini kwa mkono," akasema.

Kesho yake wanawe walifungasha, wakaondoka na ngamia wote kuelekea mtoni. Yeye alibaki. Tulimkuta amekaa juu ya dumu mbele ya mashine, rungu mapajani.

"Unafanya nini hapa?" nikamwuliza.

"Nalinda moto wa chungu chako. Mtu akigusa hiki kitufe atakwenda kutafuta mkono wake Mandera."

Nilitaka kumshukuru. Nikamwambia amekalia dumu langu.

Pipa la pili tuliliosha kwa maji ya moto na mchanga, tukalianika juani. Basi. Nataka mnielewe ilivyokuwa vigumu kuliacha vile. Mkono wangu ulikuwa unawasha. Mwanamke mmoja mzee kuliko mimi alipita, akanusa, akasema, "Naa, pipa hili liko uchi," nikaona haya kama niliyeambiwa nimetoka bila nguo. Tukatia maji, sukari, ule unga kidogo, na mpira mdogo wa hewa. Jioni ya pili juu palikuwa na povu la rangi ya chai ya maziwa, na harufu ya udongo wa chini ya jiwe. Niliweka sikio kwenye chuma. Kulikuwa na kitu kinafanya kazi humo. Usiniulize ni nini.

Tukamwaga. Shemeji akalinda. Wanawake tukachimba mabirika mawili tukayatia saruji, na ng'ombe tukawazuia kwa miiba. Upande wa mashine maji yakaanza kuacha kijani, yakawa ya kahawia, ile kahawia ya kawaida yetu. Upande wa pili bado ulikuwa na ngozi ya kijani. Binti wa maji alisema kwa upole, wale wadudu wanahitaji muda, unga ulikuwa mdogo. Mimi muda nilikuwa nao juu kichwani, unazidi kuwa mwembamba kila usiku.

Mwezi ukaandama. Ulionekana baada ya magharibi, mwembamba kama ukucha, na watoto wakaupigia kelele. Mwanangu alikuwa amefika na gari. Alisimama pembeni, mikono nyuma. Nikaleta mbuzi wangu kwenye birika lililojazwa maji ya silanga.

Mmoja akanywa, yule mweusi mlafi, ambaye hunywa hata maji ya kufulia. Wengine walinusa, wakainua vichwa, wakaniangalia mimi. Nilingoja. Nikawasukuma kwa goti. Walikaza miguu, wakarudi nyuma.

Hata shemeji hakunitania, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Hooyo, tunaweza kungoja," mwanangu akasema.

Angenilazimisha ningepata nguvu ya kukataa. Nikamwambia, "Nilisema." Nikapanda gari. Mlango wa magari haya uko juu, mguu ulikataa mara mbili, lakini hakuna aliyenishika mkono.

Sasa niko Galbet. Mkwe wangu amezaa tena na ana kazi nyingi, kwa hiyo ufagio ananiachia mara mojamoja. Mbuzi wangu niliwaacha kwa jirani. Yule mweusi aliishi. Niliuliza kila siku juma zima, akawa hai, anakula.

Juzi simu ilipigwa. Shemeji.

"Rudi," akasema. "Maji yamepona. Pakiti nyingine zimekuja. Nimekuwa mchungaji wa wadudu, ngamia wananiita msaliti."

Mtu huyu ndiye aliyewahi kunitumia habari niko kwa mama yangu Bute, kwamba ng'ombe wangu amezaa mapacha, ili nirudi haraka kwa kaka yake. Nilirudi mbio. Hakukuwa na ndama hata mmoja.

"Mbuzi wanakunywa?" nikamwuliza.

"Wanakunywa wale wenye akili."

"Apa kwa Mungu."

"Sikiliza mwenyewe." Akaisogeza simu majini. Nikasikia buu-buu-buu, karibu kabisa, hata mjukuu wangu akacheka. Nilisikiliza muda mrefu. Mapovu nilikuwa nayasikia hata siku zile maji yananuka. Na shemeji hakuapa. Yeye anatania kwa kila kitu, ila kwa jina la Mungu hasemi uongo, na hakuapa. Labda alisahau. Labda kijani bado iko ule upande mwingine, naye amechoka kukaa juu ya dumu bila mtu wa kumtukana. Simu haina pua.

Nikamwambia mwanangu baada ya sala ya Ijumaa anipeleke. Akasema gari linahitaji tairi. Nikasema litakuwa limepata. Akanitazama kama alivyokuwa anatazama akiwa mdogo nikimwambia nyoka amekwenda.

"Na kama bado yananuka, hooyo?"

"Nitajua kabla hatujafika," nikamwambia. "Tukipita ile miti miwili, fungua dirisha na uniangalie. Ukiona nimenyamaza, geuza gari."